Mjadala: Je, kuondolewa kwa orodha ya kumi bora kumewapunguzia wanafunzi ari ya kusoma?

Mtoa mada

Ndugu wanajamvi, naomba tuijadili kwa utulivu hoja ambayo huibuka kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kisha huzimika kabla hatujaifikisha popote. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba halitataja tena wanafunzi kumi bora wala shule kumi bora kitaifa, kwa kuwa wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayolingana, na kwa kuwa orodha ile ilikuwa ikizitangazia biashara baadhi ya shule bila malipo. Wapo waliopongeza, na wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba tangu siku ile mtoto wa shule hana tena cha kukimbilia.

Msimamo wangu niutaje mapema. Orodha ile haikuwapa wanafunzi ari ya kusoma. Iliwapa ari wenye shule, pamoja na kundi dogo la vipanga ambao wangesoma hata kama redio zote zingezimwa. Nilisoma shule ya kata, darasa la watu 118, na siku ya matokeo tuliisikiliza orodha ya kumi bora kama mtu anavyosikiliza matokeo ya ligi ya nchi asiyoijua. Kilichotugusa ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula, ikitupanga kuanzia wa 1 hadi wa 118. Mimi nilikuwa wa 74. Muhula uliofuata nilipiga msuli kuliko wakati wowote, nikatoka alama 31 za hisabati hadi 46, na karatasi ikanijulisha kwamba sasa mimi ni wa 73. Rafiki yangu, aliyekuwa ameacha kabisa kuja prepo, alikuwa wa 75. Tulicheka sana siku ile, ingawa mimi sikuwa na hamu ya kucheka.

Kwa hiyo swali langu ni hili: mtoto wa katikati ya darasa, asiye na matumaini ya kutangazwa wala hofu ya kufukuzwa, hufungua daftari usiku kwa sababu gani, na kesho yake hulifungua tena kwa sababu gani?

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa sekondari ya binafsi, Kilimanjaro

Ndugu mtoa mada, umeandika vizuri, lakini umechanganya mambo mawili. Karatasi ya shuleni kwenu ni jambo moja na heshima ya kitaifa ni jingine. Mcheza kwao hutunzwa. Shuleni kwetu kuna picha ya binti aliyewahi kuingia kumi bora, imetundikwa mkabala na mlango wa maktaba, na kila mwaka wapo wanafunzi wapya wanaouliza huyu ni nani, alitoka wapi, na wazazi wake wanafanya kazi gani. Tunawajibu kwamba mama yake anauza ndizi sokoni. Nimefundisha kwa miaka 19, na sijaona hotuba yoyote ya mgeni rasmi iliyomtikisa mtoto kama jibu hilo.

Zaidi ya hayo, naona unafiki. Mashindano hayajafutwa, yamefichwa tu. Ufadhili wa Samia wa masomo ya chuo kikuu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, huwaendea waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita; shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala bado zinapokea watoto kwa alama. Tukimficha mtoto orodha ilhali tunaendelea kumpima kwa orodha hiyohiyo, tumemsaidia nini?

Mchangiaji wa pili, mkufunzi wa chuo cha ualimu

Nadhani tuna ushahidi wa nyumbani ambao haujaguswa. Mwaka 2013, nchi ikiwa bado na jeraha la matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla matokeo hayo hayajafutwa na kupangwa upya, Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Sehemu mojawapo ya mpango huo ilikuwa kuzipanga shule hadharani, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za shule za msingi za 2011 hadi 2016, wakakuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama kweli. Mwalimu wa Kilimanjaro anaweza kushangilia hapo. Hata hivyo, walikuta pia kwamba shule ziliwapunguza kimyakimya watoto waliofika darasa la saba, ili wadhaifu wasihesabiwe. Orodha ilimwamsha mwalimu mkuu, kisha ikamfundisha kuficha watoto.

Tukitoka kwenye shule tukaja kwa mtoto mwenyewe, kuna jaribio mashuhuri la mwaka 1973, lililofanyiwa Marekani na Mark Lepper na wenzake, ambapo watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti iwapo wangechora. Baadaye, walipoachiwa uhuru wao, walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Ninawasomea wanachuo wangu jaribio hili kila mwaka, na kila mwaka yupo mmoja anayeuliza swali ambalo ni lazima nilikubali: watoto wale walikuwa tayari wanapenda kuchora, sasa nani katika shule ya kata alikuwa tayari anapenda logarithimu? Ni kweli. Zawadi inaweza kumsogeza asiye na hamu kabisa. Ninachopinga ni kuifanya zawadi ndiyo kuni pekee, kwa maana kuni za namna hiyo huisha siku mtihani unapoisha, na ndiyo maana tunapokea vyuoni vijana wenye daraja la kwanza ambao hawajawahi kusoma ukurasa mmoja usiotoka kwenye mtihani.

Mchangiaji wa tatu, mzazi

Naomba niwe mfupi. Mwanangu alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, yenye sifa ya kutajwa kwenye redio kila mwaka. Wastani wa shule ulikuwa 60, naye alipata 58. Tuliitwa ofisini, tukaambiwa kwa upole mwingi kwamba huenda angefaa zaidi mahali pengine, licha ya wizara kukataza mchujo wa namna hiyo mara kadhaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na shule ile ilikuwa imesifiwa mno. Alihama. Ilimchukua mwaka mzima kuamini kwamba 58 si alama ya mjinga, na katika mwaka huo hapakuwa na mtu nyumbani aliyeweza kumwambia neno lolote kuhusu kusoma.

Mchangiaji wa nne, Nakuru

Majirani, nasi huku Kenya tulipitia hayo. Wizara ilisitisha kupanga shule na wanafunzi mwaka 2014, jambo likazua ubishi hadi Bungeni, na hata KCPE yenyewe, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Orodha hazikuisha, zilihamia kwenye simu za wazazi, nyingine zikiwa za kubuni tupu. Kwa hiyo msitegemee tangazo la Baraza pekee.

Mchangiaji wa tano, mtahiniwa wa kujitegemea

Shikamooni. Mimi ndiye huyo wa katikati mnayemzungumzia, kwa hiyo naomba niseme.

Nilipata daraja la nne, na sasa ninarisiti, yaani narudia mtihani, kwa sababu nataka kusomea uuguzi, na huko lazima niwe nimefaulu kemia, biolojia na fizikia. Asubuhi namsaidia shangazi gengeni, jioni nasoma. Mwanzoni nilikuwa nasubiri kwanza nijisikie kusoma, nikapoteza miezi mitatu. Nimegundua kwamba hamu hunijia nikiwa nimeshaanza, hasa nikifika swali la tatu au la nne, na haijawahi kunijia nikiwa nimekaa naingojea. Kwa hiyo siku hizi sijiambii kwamba nitasoma kemia. Najiambia nitafanya swali moja la molu kutoka mtihani wa zamani, na nikilimaliza nina ruhusa ya kulala. Mara nyingi silali.

Nina daftari ambalo naandika tarehe, mada na maswali niliyokosa. Mwezi wa pili nilikuwa nakosa maswali manane kati ya kumi ya molu, sasa nakosa matatu. Tuko watatu tunaosoma pamoja, na kuna siku nakwenda kwa sababu tu nikikosa watanipigia simu. Mwalimu wa Kilimanjaro, yule binti wa mama wa ndizi ningependa kumjua, lakini ningemuuliza alikuwa anafanya nini siku alizochoka. Kwenye picha hilo halionekani.

Mtoa mada

Nashukuru sana, na kwa heshima ya waliotangulia nirekebishe kauli yangu. Mwalimu amenishawishi kwamba mfano wa mtu wa karibu una nguvu ambayo niliidharau, ingawa naona nguvu hiyo imo katika zile ndizi, haimo katika ile nafasi ya kitaifa. Binti yuleyule, kama angekuwa wa 400, bado angestahili kutundikwa pale mlangoni. Ndugu wa Nakuru naye yuko sahihi, kwa sababu hata hapa kwetu matokeo ya kila kituo cha mtihani bado yamo kwenye tovuti ya Baraza, na mwenye subira anaweza kujipangia shule apendavyo.

Lakini daftari la dada anayerisiti limenirudisha kwenye ile karatasi yetu. Alama 15 nilizoongeza katika hisabati hazikuonekana popote. Mwalimu wangu hakuziona, baba hakuziona, na baada ya muhula mmoja nami niliacha kuziona, nikarudi kusoma kama zamani. Kama pembeni ya 46 pangeandikwa 31, kwa kalamu tu, sidhani kama ningejali kuwa wa 73.

Naomba basi kuwauliza walimu waliomo humu: fomu ya ripoti mnayowapelekea wazazi ina safu ya alama za muhula uliopita? Na kama haina, ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuiongeza, mkuu wa shule au halmashauri?