Injini ya pikipiki iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya gari la mashindano la wanafunzi: tuangalie nini kabla ya kununua?

Mwanafunzi_Mitambo (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salamu. Ninasomea uhandisi wa mitambo, na mwaka huu nimekabidhiwa usimamizi wa injini katika timu yetu inayojenga gari lake la kwanza la Formula Student, yaani mashindano ya wanafunzi wanaojenga wenyewe gari dogo la mbio. Kanuni tumezisoma: injini iwe ya pistoni yenye mipigo minne, ujazo wake usizidi cc 710, na kwa anayetumia petroli, hewa yote inayoingia ipite kwenye tundu moja la duara lenye kipenyo cha milimita 20. Fedha za kununua injini mpya hatuna, kwa hiyo tunatazama injini za silinda 4 za cc 600 zinazong'olewa kwenye pikipiki zilizopata ajali, kama vile Honda CBR600RR, Yamaha R6 na Suzuki GSX-R600.

Timu imegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba injini iliyokwisha kutembea itakuwa imepoteza nguvu na itatunyima alama, na wapo wanaosema bei ndogo inafuta kasoro zote. Ninaomba mwenye uzoefu anisaidie katika mambo mawili: je, uchakavu mdogo una uzito gani katika mashindano haya, na nitaitambuaje injini nzima ikiwa nimeikuta sakafuni, imeshang'olewa, haiwezi kuwashwa?

Oili_Kwanza

Ndugu Mwanafunzi, nianze na hofu ya nguvu, kwa sababu ndiyo nyepesi zaidi. Hewa inapofikia kasi ya sauti katika koo la lile tundu la milimita 20, kiasi kinachopita hakiongezeki tena hata injini ivute namna gani; kikomo chake ni kama gramu 74 kwa sekunde. Injini iliyotoa nguvu za farasi zaidi ya 110 ikiwa kwenye pikipiki, ndani ya gari lenu itabaki na 80 hivi, iwe mpya au iwe na kilomita nyingi. Kileleni kinachowabana ni tundu, wala si ringi za pistoni zilizolika kidogo.

Jambo ambalo ningependa mlilie usiku na mchana ni oili. Pikipiki hulala inapokata kona, na kwa sababu inalala, uzito wa oili huendelea kuelekea chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) kana kwamba chombo kimesimama wima. Gari halilali. Gari la aina hii likiwa kwenye kona kwa nguvu ya mara 1.5 ya uzito wake, uso wa oili ndani ya sampu huinuka kwa nyuzi zipatazo 56 na kuegemea ukuta mmoja, huku mdomo wa pampu, ambao mtengenezaji aliuweka mahali panapoifaa pikipiki, ukibaki hewani na kunyonya povu. Beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki (mhimili wa injini), ndizo zinazoumia kwanza, na injini inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika haihitaji sekunde nyingi za ukavu huo.

Ninasema haya kwa kuwa yalitupata. Injini yetu ilikuwa imekaguliwa vizuri na ilikuwa na afya njema siku tuliyoinunua. Siku ya pili ya majaribio, taa ya shinikizo la oili ilianza kupepesa kwenye kona za kulia tu, kisha kuzimika gari liliponyooka, na dereva akadhani ni waya umelegea. Mchana tukasikia mgongano mkavu kutoka chini ya injini, ukienda sambamba na mzunguko wake. Tulipoifungua, beringi ya konrodi ya silinda ya pili ilikuwa imelika hadi rangi ya shaba ikaonekana, na karatasi ya chujio la oili iling'aa kama imenyunyiziwa vumbi la fedha. Muuzaji hakuwa na kosa lolote. Tuliiua sisi wenyewe.

Kwa hiyo kabla hamjafikiria kingine, tengenezeni sampu mpya iliyo bapa, yenye kuta za ndani na vijilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia katikati, kwenye mdomo wa pampu, na kuikatalia kutoka. Mkiwa na uwezo zaidi, jengeni mfumo wa sampu kavu, ambao pampu za kunyonya hutoa oili chini ya injini na kuipeleka kwenye tenki refu la pembeni. Sampu bapa ina faida nyingine: injini inakaa chini zaidi, na kitovu cha uzito wa gari zima kinashuka nayo. Vyovyote mtakavyochagua, fungeni sensa ya shinikizo inayorekodi na inayoweza kuzima injini yenyewe, kwa maana dereva aliye katikati ya kona hana jicho la kutazama taa.

Kuna jambo dogo la ukoo huohuo. Pikipiki hizi zina sensa inayozima injini pikipiki ikianguka, na baadhi ya sensa hizo hufanya kazi kama pendulamu. Ndani ya gari, pendulamu hiyo hudhani kona kali ni anguko, ikakata moto. Mtu anaweza kutafuta hitilafu ya mafuta kwa wiki nzima ilhali tatizo ni kisanduku kinachoenea kiganjani.

Fundi_wa_Sakafuni

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nijibu swali la pili, kwa kuwa injini za sakafuni ndizo kazi yangu.

Usiridhike na kuizungusha kwa mkono na kusikia kwamba inabana. Beba kikompresa kidogo. Toa plagi, fikisha pistoni juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kugandamiza, pale vali zote zinapokuwa zimefungwa, shikilia krenki kwa spana ili isirudi, kisha ingiza hewa yenye shinikizo kupitia tundu la plagi na utulie usikilize. Hewa ikisikika kwenye mlango wa ekzosi, vali ya kutolea haikai sawasawa. Ikisikika upande wa kuingizia, ni vali ya huko. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au ukuta wa silinda. Na ukijaza maji kwenye njia ya kupooza ukaona mapovu, gasketi ya kichwa imekwisha au kichwa chenyewe kimepinda. Kuvuja kidogo kwenye ringi kupo hata kwa injini nzuri. La kuangalia hasa ni silinda moja kutofautiana na nyingine tatu. Fanya hivyo kwa zote nne, hata kama muuzaji anaonyesha dalili za kuchoka.

Baada ya hapo omba kufungua chujio la oili. Likate, tandaza karatasi yake mwangani, upitishe sumaku juu yake. Unga mwembamba wa chuma kutoka kwenye giaboksi si wa kuogofya sana, kwa sababu kwenye pikipiki hizi injini, klachi na giaboksi hunywa oili moja. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, au chembe zisizovutwa na sumaku zenye rangi ya shaba, vinatosha kukurudisha nyumbani.

Kuhusu ajali, uliza pikipiki iliangukaje. Iliyoteleza kwa ubavu mara nyingi huwa imekwaruza kifuniko cha klachi au cha koili za umeme, na hilo linatengenezeka. Ninachokiogopa ni ile iliyolala chini huku injini ikiendelea kuunguruma, kwa sababu imepitia ukavu uleule wa kona alioueleza mwenzangu, tena bila mtu wa kuiona. Mikwaruzo mirefu kwenye kifuniko ikiambatana na chujio chafu hunifanya niondoke bila kujadili bei.

Giaboksi ni ngumu kuihukumu ikiwa baridi. Zungusha sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) na uingize gia zote 6 moja baada ya nyingine. Ya pili ndiyo inayoumia zaidi, maana kutoka ya kwanza ni lazima kupita katikati, na waendeshaji wengi huipita kwa haraka.

Mwisho, chukueni waya zote pamoja na soketi zake, sensa za krenki na za kamushafti, injekta, stata (mota ya kuwashia injini) na kidhibiti umeme. Vipepeo vinne vya hewa, yaani vilango vinavyofunguka dereva anapoongeza mafuta, msivilipie zaidi: kanuni zinataka kipepeo kitangulie tundu la milimita 20 kisha ndipo injini ifuate, kwa hiyo mtatumia kimoja na hivyo vinne vitabaki kabatini. Kompyuta ya asili nayo haitawafaa kwenye mashindano, kwa kuwa hesabu zake za mafuta hazilijui tundu lenu. Ila kama mnaweza kuipata pamoja na ufunguo wake wenye chipu, mtaweza kuisikia injini ikiwaka kabla hamjaanza kubadilisha chochote.

Silinda_Moja

Naomba kutofautiana kidogo. Kwa nini kila timu mpya ikimbilie silinda 4? Injini ya aina hiyo ina kilo 55 hadi 60, ilhali ya silinda moja ya cc 450 ina takriban nusu ya uzito huo, na gari jepesi huokoa mafuta, jambo ambalo nalo lina alama zake katika mashindano haya.

Hata hivyo niwe mkweli juu ya neno «iliyotumika». Injini ya cc 450 ya mbio za matopeni huhesabiwa umri kwa saa, na pistoni yake hubadilishwa baada ya makumi ya saa tu. Ukiinunua kwa bei ya chini, hesabu moja kwa moja pistoni, ringi na pengine konrodi na vali. Isitoshe, nyingi za zamani huwashwa kwa teke, nazo kanuni zinataka stata iliyofungwa ndani ya gari. Sisi tulichagua ya pikipiki ya barabarani na porini kwa sababu hiyo.

Na angalieni sana kuwasha injini ikiwa moto. Mbio ndefu za kilomita 22 hivi zina alama nyingi, na katikati yake dereva hubadilishwa ndani ya dakika 3, kisha gari lazima liwake tena. Nimeona magari yaliyokuwa yakienda vizuri sana yakikomea hapo, betri ikilia na injini imekataa.

Mwanafunzi_Mitambo (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimewasomea wenzangu majibu haya yote na mjadala wa nguvu umekwisha. Tutabaki na silinda 4, kwa kuwa kwa timu ya kwanza injini inayovumilia kusahauliwa kidogo inatufaa zaidi, lakini fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ekzosi nyepesi tumeihamishia kwenye sampu. Swali moja limebaki: kuna injini ya pili ya aina ileile, konrodi yake imetoboa ganda, inauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Je, ina maana kuichukua?

Oili_Kwanza

Ichukueni leo. Vueni vyote vya ndani, zibeni tundu, kisha litumieni ganda hilo kupimia na kuchomelea chesisi, ili cheche na joto la kuchomelea visiikaribie injini nzima. Na kabla ya kuchonga sampu, mimineni oili yenye rangi kwenye sampu ya zamani, iinamisheni kwa nyuzi 56 kulia na kushoto, mchore kwa kalamu pale oili inapofika. Mtaona wenyewe mdomo wa pampu unabaki wapi.