Wachapishaji wa Lamu na Malindi waweke kitabu kizima bure kwenye intaneti?

Mhariri, Lamu

Assalamu alaikum jamaa. Wachapishaji wetu wa tenzi, mashairi na vitabu vya dini wangali wanauza kwa mkono: dukani, misikitini, siku za Maulidi. Nasema waweke kitabu kizima mtandaoni, bure, wauze cha karatasi. National Academy Press ya Marekani ilianza mwaka 1994 kuweka vitabu vyake visomwe bure, ukurasa mmoja mmoja, na vya karatasi viliendelea kununuliwa. Mchapishaji mdogo hana pesa za tangazo la redio. Maandishi yenyewe ndiyo tangazo: mtu anatafuta beti moja aliyoisikia harusini, anakifikia kitabu chenye beti hiyo.

Muuza vitabu, Malindi

Waalaikumu salaam, Maalim. Mfano ni wa kweli, ila sababu yake umeiruka. Zama zile kusoma kitabu kwenye kompyuta kulikuwa adhabu. Hata modemu ya kilobiti 56 (kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu) iliyokuja baadaye haikuvuka kilobaiti 7 kwa sekunde, yaani megabaiti moja ilikula zaidi ya dakika mbili huku simu ikihesabu pesa. Kuchukua kurasa 300 moja moja na kuzichapa nyumbani kulishinda bei ya kitabu kwa taabu, basi watu wakanunua. Leo PDF nzima inaingia kwenye kundi la WhatsApp kwa mguso mmoja, na anayeipokea hajui hata nani kaichapisha.

Mimi natoa yaliyomo, utangulizi na sura moja, kurasa 10 hadi 15, basi. Na chini ya kila ukurasa wa faili hiyo kuwe na jina la kitabu, bei, nambari ya simu ya kuagizia na till ya M-Pesa. Wengi huyaweka hayo kwenye jalada tu. Faili ikikatwa katikati na kusambazwa, msomaji amependa kitabu na hana pa kukinunulia.

Mpangaji kurasa, Lamu

Kabla mtu hajasema tutie kufuli la kuzuia faili isinakiliwe: Machi 2000 Stephen King aliuza hadithi kwa intaneti peke yake, dola 2.50. Nakala zaidi ya 400,000 zilichukuliwa siku ya kwanza, seva zikaelemewa, na kufuli likavunjwa baada ya muda mfupi. Usipoteze pesa huko.

Pesa ziende kwenye faili safi. Kurasa 15 zilizopigwa skani kwa rangi hufika megabaiti 10 bila shida. Zikitolewa moja kwa moja kwenye programu ya kupangia kurasa hazifiki hata megabaiti 1. Na skani ni picha: Maalim, ile beti ya harusini huenda isipatikane kwa kutafutwa, kwa kuwa bila programu ya kutambua herufi mtambo hauoni maneno.

Kiswahili cha hati za Kirumi kina bahati, herufi zake zote zimo katika kompyuta tangu mwanzo. Kinachoharibika ni ile alama ya juu katika *ng'*. Ukinakili kutoka programu ya kuandikia, alama iliyopinda huweza kutoka takataka, na «ng'ombe» husomeka «ngâ€™ombe». Tumia alama iliyonyooka. Mashairi nayo: mshororo wa mizani (silabi) 16 hukatika ovyo kwenye simu ndogo, kwa hiyo ukwapi, kipande cha kwanza, uwe mstari wake, na utao, kipande cha pili, wake. Usitenganishe kwa nafasi nyingi, ukurasa wa wavuti huzimeza zote na kubakisha moja.

Mwalimu wa fasihi, Malindi

Nyote mnagawa mali isiyo yenu. Mkataba unaotaja chapa ya karatasi pekee haumpi mchapishaji ruhusa ya kuweka kazi mtandaoni. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mtunzi analipwa mrabaha kwa nakala inayouzwa, mara nyingi asilimia 10 ya bei. Nakala ya bure inamlipa nini? Rudini kwa mtunzi, au kwa warithi wake, mwandike nyongeza ya mkataba, ndipo mje na mjadala wa sura ngapi.

Muuza vitabu, Malindi

Hapo mwalimu kasema kweli tupu. Niongeze usambazaji, maana oda ikija kitabu lazima kifike. Kitabu cha A5 cha kurasa 200, karatasi ya gramu 80, kina uzito wa gramu 265 hivi. Saba pamoja na bahasha havivuki kilo 2. Cha kwenda Lamu kipakiwe basini hadi Mokowe kisha botini, na nauli ya mzigo itajwe kabla mteja hajalipa. Ikitajwa baadaye, oda nyingi hufa hapo.

Maduka makubwa ya mtandaoni yasiwalevye. Mpango wa Amazon kwa wachapishaji wadogo ulidai punguzo la asilimia 55. Kitabu cha Sh800 kinabaki na Sh360, toa mrabaha wa Sh80, zinabaki Sh280 za kuchapa na kusafirisha. Kwa wasomaji wa ng'ambo ningeanza na African Books Collective ya Oxford, iliyoundwa na wachapishaji wa Afrika mwaka 1989. Huko kitabu huchapwa pale kinapoagizwa, hakuna shehena ya kupeleka.

Na orodha ya barua pepe tusiidharau kwa sababu ni ya kale. Ujumbe mmoja kwa mwezi, kitabu kimoja, dondoo fupi, bei, namna ya kulipa, kwa walioomba wenyewe. Anwani zifichwe, mmoja asione za wenzake.

Mhariri, Lamu

Tenzi za watunzi waliofariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, na uhariri wake ni wetu, bado nasema ziwekwe nzima. Kwa kitabu kipya, mtunzi akiridhia, sura moja nakubali. Utangulizi siutaki, ndugu yangu wa Malindi. Itolewe sura ya katikati, pale kisa kinapochacha, ikatike kabla hakijatulia.