Naambiwa nina sauti ya redioni. Je, naweza kuishi kwa kuigiza sauti?

Binti_Simu: Wadau, habari zenu. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, na kila mara naambiwa sauti yangu ni ya redioni. Nawaza kuingia kwenye uigizaji wa sauti: katuni, matangazo, vitabu vya kusikiliza. Nianze na maiki, kozi au wakala? Na kuna mtu anayekula kwa kazi hii kweli?

Msomaji_Kabatini: Karibu dada. Nasoma vitabu, kwa hiyo nitasemea huko zaidi. Sauti nzuri inakufungulia mlango tu; mteja ananunua usomaji. Chukua tangazo la sekunde 30, lisome kama unampa rafiki siri, halafu kama umechoka kuulizwa. Jirekodi kwa simu. Zikifanana, usinunue kitu bado. Na nyie watu wa simu (msinipige) mna lile tabasamu la kazini, kila sentensi inaishia juu. Kwenye tangazo linapita. Kwenye kitabu cha saa nane, msikilizaji atakuzima sura ya kwanza haijaisha.

Maiki ghali ndani ya chumba kitupu itanasa mwangwi kwa ufasaha zaidi, basi. Mimi narekodia kabatini, katikati ya makoti. Rekodi ukimya kidogo kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi, uangalie mita ya sauti. ACX, wanaopeleka vitabu Audible, duka la vitabu vya kusikiliza, wanataka kelele ya chumba iwe chini ya desibeli -60 na vilele vya sauti visivuke -3. Hapo ndipo utajua friji yako inaongea. Maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya P na B isiipige usoni.

Kuhusu kula: vitabu vingi hulipwa kwa saa iliyokamilika, yaani ile atakayoisikia msikilizaji. Kuisoma, kurudia palipoteleza na kukata milio ya mate kunaweza kula siku yako nzima. Piga hesabu kwa muda uliokaa kabatini. Usiache kazi ya simu bado.

Kelele_za_Gemu: Naongezea upande wa michezo ya video. Mayowe na vifo omba virekodiwe mwisho wa kipindi, la sivyo mistari ya kawaida utaisoma umekauka koo. Na soma mkataba: je, wanaruhusiwa kufundishia akili bandia kwa sauti yako? Wenzetu Marekani, chini ya chama chao cha waigizaji, SAG-AFTRA, waligomea kampuni za michezo kuanzia Julai 2024, na hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo.

Binti_Simu: Asanteni. Kumbe natabasamu hata nikisoma habari za msiba, nimejisikia mwenyewe! Kuna wakala anataka nimlipe kwanza ndipo aniandikishe. Ni kawaida?

Msomaji_Kabatini: Hapana. Wakala hukata asilimia baada ya wewe kupata kazi. Huyo achana naye.