Tupeane uzoefu: injini ya kabureta inayomisi siku inayotaka yenyewe

Mkaazi wa Mazizini

Assalamu alaykum wenzangu. Gari imenitesa miezi minne na nimepona juzi tu. Nataka kila aliyepitia hili aseme lake, mwengine asipotee njia niliyopotea mie.

Gari ni MGB ya 1969, injini ya sisi 1798, kabureta mbili za aina ya SU. Natoka nayo nyumbani nzima kabisa. Tunguu napita, hakuna kitu. Nikikaribia Jozani, mwendo wa kilomita 60, mguu mwepesi kwenye mafuta, inaanza kumisi: inakata, inashika, inakata tena, ekzosi inapiga kishindo. Dakika kumi baadaye imesahau. Nikimpelekea fundi imetulia kama maji mtungini, na fundi ananitazama mimi, haitazami gari.

Nilibadilisha plagi, nyaya za plagi, koili (ile inayokuza umeme mdogo uwe mkubwa wa plagi). Kabureta zilifunguliwa na kusafishwa mara mbili. Kila kipya kilichofungwa nilikiamini siku mbili tatu, kisha Jozani ikanirudisha palepale.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, zamani fundi, sasa macho hayamsaidii sana. Aliniuliza suali moja: "Ikimisi, mshale wa mizunguko unafanyaje?" Sikuwa nimeutazama hata siku moja. Nikenda mpaka Paje kwa ajili ya kuutazama tu. Ulikuwa ukianguka na kuruka kila injini inapokata, ilhali gari imo kwenye gia na magurudumu yanaizungusha injini. Haiwezekani mizunguko ishuke na kupanda ghafla namna ile. Mzee akasema basi kabureta hazina kosa. Saa ya mizunguko katika gari hii huhesabu mapigo ya umeme wa koili. Mshale ukiruka hivyo, umeme mdogo unaoilisha koili ndio unaokatika: swichi, waya, pointi (zinazofunga na kukata umeme wa koili) au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi).

Akaniambia niwashe. Akachomoa kimpira cha vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, upande wa kabureta, tundu akaliziba kwa kidole, na ule mpira akaunyonya kwa mdomo kama anyonyaye dafu kwa mrija. Injini ikasita. Akaachia, ikashika. Akanyonya, ikasita tena. Nilikuwa nimesimama pale na risiti zangu zote mfukoni.

Tukazima, tukafungua kepu ya distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Sahani inayobeba pointi huzungushwa kidogo na vakyumu unapoendesha kwa mguu mwepesi. Gari ikinguruma imesimama, haivutwi. Ndiyo maana kwa fundi haikumisi kamwe. Sahani ile imeungwa na bodi ya distribyuta kwa kijiwaya cha ethi, chembamba, kimesukwa kama utambi wa taa. Kwa macho kilikuwa kizima. Alipokipinda kwa ncha ya bisibisi tukaona nyuzi za ndani zimekatika karibu zote, zilizobaki mbili tatu zinagusana zikitaka. Miaka zaidi ya hamsini kinakwenda na kurudi, ndio kimechoka. Nimelehemu kipya, waya laini wenye nyuzi nyingi, maana waya mgumu utakatika tena. Pointi tukazirudisha kwenye mwanya wa inchi 0.015.

Leteni yenu.

Binti Mtambwe

Wa alaykumu salam kaka. Yetu ilikuwa kinyume cha yako, ndiyo maana naiandika. Marehemu baba alituachia Datsun 240Z, silinda sita, kabureta mbili, ile aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Alikuwa akilitaja hilo kila akiifuta vumbi. Ikitoka Wete inakwenda vizuri kama nusu saa, khalafu inaanza kumisi, inazidi, mpaka inazima. Unakaa kando ya njia robo saa, unawasha, inawaka kama haijafanya kitu. Kila mtu alisema koili inapata moto. Nilikubali, kwa sababu koili mbovu hufanya hivyohivyo. Tukaagiza mpya Unguja, ikaja kwa boti, tukaifunga. Hali ileile.

Mshale wetu haukuruka. Ulikuwa ukilala taratibu pamoja na gari. Wakati ule sikujua maana yake, leo nimeielewa kwa maneno ya mzee wako: umeme haukuwa ukikatika.

Siku moja imezima karibu na Chake, ndugu yangu akasema labda mafuta yamekwisha, akafungua kifuniko cha tangi. Hewa ikavutwa ndani, fyuuu, ndefu. Tukawasha papo hapo bila ya kusubiri, ikawaka. Tangi lilikuwa halipumui. Pampu inavuta mafuta na hewa haiingii badala yake, mwisho pampu inashindwa na bakuli za kabureta zinakauka. Ukisimama, hewa inapenya kidogo kidogo na gari inakubali tena. Tulipoufuata mpira wa kupumulia kule nyuma, nyigu alikuwa amejenga kwa udongo ndani ya mdomo wake. Tulipitisha waya mmoja, udongo ukatoka wote. Koili ya baba nimeirudisha mahali pake. Haikuwa na kosa lolote.

Wa Malindi

Kama inamisi siku za unyevu tu, subiri usiku. Zima taa zote, fungua boneti injini ikinguruma, usiguse kitu. Katika gari ya jirani yangu tuliona cheche za buluu zinatembea juu ya waya wa silinda ya pili, zinarukia kwenye chuma. Mchana tulikuwa tumeutazama waya uleule tukauona mpya.

Fundi, Mwanakwerekwe

Yote haya kweli, lakini vipuri vipya navyo vichunguzwe. Mteja alikuja na rota mpya ya distribyuta, ile inayozunguka chini ya kepu kupeleka umeme kwa kila plagi, ameifunga wiki mbili nyuma. Baridi inakwenda, ikipata moto inamisi silinda yoyote, hakuna mpango. Nilichomoa kepu, rota nikaiacha mahali pake, nikashika ule waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpira, ncha yake milimita tano juu ya kati ya rota, mwenzangu akapiga stata. Cheche ikaruka. Rota nzima hairuhusu hivyo, kwa sababu umeme hauna pa kwenda. Ikiruka mfululizo, ujue unapenya ndani ya rota mpaka kwenye shafti. Nikamuuliza iko wapi ya zamani. Ilikuwa bado imo kwenye boksi la gari, nikaipangusa, nikaifunga, mpaka leo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu: mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja, na kilichotoka msikitupe. Mtu ananiletea gari amebadilisha vitu sita kwa siku moja, sasa ana kosa la zamani na pengine la pili alilonunua dukani. Hapo tena naanza kutafuta makosa mawili.

Na mwenye taa ya taimingi, ile inayomulika kila umeme unapopita kwenye waya, aibane kwenye waya wa koili, aipitishe nyuma ya boneti aifunge salama mbele ya kioo, aendeshe na mwenzake wa kuitazama. Gari ikimisi na taa ikaendelea kumulika sawasawa, umeme unatoka kwenye koili. Tazama mbele yake, kepu, rota, nyaya, plagi, au uhamie kwenye mafuta. Taa ikikatika pamoja na injini, rudi nyuma kwenye koili, pointi na kondensa yake.

Wa Fumba

Nyongeza fupi kwa wenye SU: gari ikisita unapokanyaga mafuta tu kisha ikaenda, tazama kwanza oili ndani ya mnara wa kabureta. Yangu ilikuwa imekauka, mie nikaita kumisi. Nilitia oili nyepesi ya SAE 20, kwisha.

Kijana wa Bububu

Nimesoma jana usiku, leo alfajiri nimenyonya ule mpira. Injini imekata! Kepu nimefungua, waya wa ethi unaning'inia upande mmoja. Kaka Mazizini, waya mpya niupime urefu gani?

Mkaazi wa Mazizini

Alhamdulillahi. Upime sahani ikiwa imevutwa mpaka mwisho, si ikiwa imelala, khalafu ongeza kidogo ulegee. Kabla ya kufunga kepu izungushe sahani kwa kidole mara kadhaa uhakikishe waya haugusi rota wala zile kona za shafti zinazofungua pointi. Wangu wa mwanzo niliufanya mfupi, ikabidi nilehemu tena.