Odio intafesi ipi nzuri kumrekodia mzee udi na sauti nyumbani?

Binti_Chumbageni
Wakuu habari zenu. Natafuta odio intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta. Baba yangu anapiga udi toka ujana wake na anaimba huku anapiga, sasa umri umesogea na nyimbo nyingi zimo kichwani mwake tu, nataka nimrekodi hapahapa nyumbani Tanga maana studio hataki kabisa, anasema akifungiwa kwenye kile chumba cha kioo mashairi yanamkimbia. Nina laptopu ya Windows na programu ya kurekodi ya Reaper. Nimeona Focusrite Scarlett Solo, Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD, halafu kuna zile kadi za sauti za V8 za bei chee za watu wa laivu. Muuzaji mmoja ananishikilia nichukue yenye 192 kHz, yaani inapima sauti mara 192,000 kwa sekunde, ndo sauti inatoka safi, ni kweli?

fundi_maiki
Shikamoo yangu mfikishie mzee. Dada we angalia kwanza inapokea maiki ngapi kwa mpigo. Solo ina tundu moja tu la maiki, lile lingine ni la gitaa la umeme au laini, na udi wa mzee nadhani hauna pikapu, kile kinasa sauti cha kubandika kwenye ala. 2i2 na UMC202HD zinapokea maiki mbili na zina 48V, ule umeme unaopelekwa kwenye maiki, bila huo maiki ya kondensa (ile nyepesi kunasa sauti ndogo) haifanyi kazi. V8 achana nayo, inachanganya kila kitu pamoja, baadae ukitaka kupunguza udi peke yake huwezi. Hiyo 192 usihangaike nayo, rekodi 48 kHz na 24-bit, sikio la mtu mwisho wake ni kama 20 kHz na 48 inabeba mpaka 24. Hiyo 24-bit, yaani kila kipimo cha sauti kinavyohifadhiwa kwa kina, ndo ya maana, unaacha kilele kiishie kwenye -12 dB hivi, mzee akipandisha ghafla haipasuki.

kinanda_cha_kale
Mi maiki mbili sikubali. Mdomo na udi viko karibu mno, kila maiki inasikia vyote viwili kwa nyakati tofauti kidogo, ukizichanganya sauti inakuwa kama imetobolewa katikati. Weka kondensa moja mbele yake kama mita moja, usogeze juu chini mpaka udi na sauti vilingane, mzee mwenyewe atajibalansi maana ndivyo alivyozoea kuwapigia watu. Kwa hiyo hata Solo inatosha, chenji nunua stendi na hedifoni za kufunika masikio. Tundika mapazia mazito, simamisha godoro nyuma yake, zima feni na friji.

fundi_maiki
Kuhusu chumba umesema kweli tupu mkuu, ila akiwa na 2i2 atajaribu njia zote mbili, akiwa na Solo hana pa kwenda. Maiki ya udi ikae sentimita 30 hivi, ielekee pale shingo inapokutana na tumbo, mgongo wa maiki uangalie mdomo. Na iwe kondensa, udi una sauti ndogo, ukitumia dainamiki, maiki ya kawaida isiyohitaji 48V, utakamua geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) mpaka mwisho na mvumo utausikia.

sele_treki
Niongezee tu, weka draiva ya ASIO, ile programu ya kuunganisha intafesi na Windows, ya kampuni yenyewe, usitumie ya jumla ya ASIO4ALL. Na kwa kuwa mzee hafuati biti yoyote toka kwenye kompyuta, bafa (akiba ya sauti kompyuta inayosubiri kabla ya kuichakata) weka kubwa tu, 512 au 1024, laptopu isikwamekwame. Chaji ijae kabisa halafu chomoa chaja wakati wa kurekodi, ule mngurumo wa umeme mara nyingi unapita hapo.

Binti_Chumbageni
Mungu awabariki jamani. Naenda na 2i2, kuna kaka anauza iliyotumika, naikaguaje?

fundi_maiki
Nenda na laptopu yako na maiki ya kondensa. Washa 48V, jaribu tundu la kwanza, kisha la pili, zungusha geini taratibu toka mwanzo mpaka mwisho huku umevaa hedifoni, ikikwaruza sehemu yoyote usichukue. Tikisa waya wa USB pale unapoingia, ikikatika iache. Na siku yenyewe bonyeza rekodi mzee akiwa bado anakaza nyuzi, usisimamishe kati ya wimbo na wimbo, hapo ndo atasema nani kautunga na ulipigwa harusi ya nani. Saa nzima treki mbili inakula kama GB 1 tu.