Mbio za baiskeli Mwanza: tulilipa usajili ili tuwe mapambo ya tamasha la mtu?

Wakuu, nimejizuia wiki nzima nisije kuandika na hasira, lakini hasira yenyewe haipungui. Basi naandika nayo hivyohivyo.

Waandaaji wa zile mbio za Jumapili, za Buhongwa kwenda Misungwi na kurudi, njooni hapa mtujibu. Siwataji jina, mnajijua. Shilingi 20,000 za usajili mlipokea kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia papo hapo. Ilipofika zamu yenu kulipa zawadi, ghafla mtandao unasumbua, mhasibu yuko safarini, mfadhili hajaingiza hela. Danadana tu.

Tangazo lilisema tunaanza saa 12 asubuhi. Tumeanza saa 3 kasoro, eti mgeni rasmi hajafika! Asiyeendesha ataona ni saa mbili tatu tu, kuna shida gani. Shida ni kwamba mtu kala ugali wake saa 10 alfajiri akipigia hesabu ya saa 12, kufika muda wa kuondoka tumbo limeshaanza kunguruma. Halafu barabara ya Shinyanga saa 12 ni nyingine na saa 3 ni nyingine. Saa 3 malori yameshaamka, daladala zinagombea abiria, bodaboda wanakatiza wanavyotaka, na jua la huku mnalijua. Barabara haikufungwa hata mita moja. Pikipiki ya kututangulia ilikuwepo, ndiyo, ila aliyeipanda alikuwa mpiga picha.

Baiskeli za gia na baiskeli za kawaida zilitangazwa kuanza tofauti. Tukaanzishwa pamoja, na akina dada wakasukumwa humo humo katikati. Namba zenyewe zilikuwa karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, pini mbili mgongoni. Kabla hatujafika mbali jasho limeshazilowesha, wengine zimepeperuka. Kumbukeni hilo la namba, nalirudia baadaye.

Sasa Usagara. Hapa ndipo roho inaponiuma.

Wa Mwanza mnajua pale njia inagawanyika: ukinyoosha unakwenda Misungwi na Shinyanga, ukikata kulia unakwenda Kigongo, kwenye daraja, ufike Sengerema na Geita. Pale ndipo mahali pekee kwenye njia nzima ambapo mtu anaweza kupotea. Na ndipo mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu! Hakuna bendera, hakuna mshale, hakuna hata kijana mwenye filimbi. Kundi la mbele likafika limeinamisha vichwa, lori limeziba njia ya kunyoosha, wao wakakata kulia. Sisi wa kundi la pili tuliwaona, tukapiga mayowe, nani atasikia kwa kasi ile na honi zile? Walikuja kugeuzwa na mwendesha bodaboda aliyewafukuzia kwa huruma yake.

Kwenye kundi lile alikuwemo kijana wa Magu na Phoenix aliyoing'oa madigadi na kerea, amebanana na watu wenye baiskeli za mamilioni, haachwi. Nimeshaona mbio nyingi, sijaona mtu anayekanyaga pedeli vile. Na mnaojua mchezo huu mnajua kinachofuata. Ukikaa nyuma ya mgongo wa mwenzako anakukatia upepo, unabana nguvu. Ukishapotezwa ukarudi peke yako, hewa yote unapigana nayo mwenyewe, hata uwe na mapafu ya punda. Alimaliza mbali sana. Mimi nimeandikwa wa saba. Nafasi ya saba si yangu na siitaki, wa kundi la mbele wote walikuwa wameshatuacha.

Utetezi wenu naujua, mmeshauandika kwenye lile kundi la WhatsApp: sheria za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, zinamtaka mshindani aifahamu njia kabla ya mbio. Kweli, ipo. Sasa tuonyesheni ramani mliyotupa. Tuliyopewa ni bango lenye sura ya msanii, na njia imeandikwa kwa mstari mmoja chini kabisa, juu ya nembo za wafadhili. Na UCI hao hao mnaowanukuu wanamdai mwandaaji kuweka alama kwenye njia. Hilo ukurasa wake umechanika?

Dada mmoja alianguka karibu na Misungwi, kiwiko na paja vimechubuka hadi nyama nyekundu. Gari la wagonjwa lilikuwa wapi? Nyuma ya jukwaa, kwenye kivuli, Buhongwa. Aliletwa kwa bajaji, akajilipia nauli.

Hela zilikokwenda tuliziona tuliporudi. Spika zimepangwa kama ghorofa, taa zinawaka mchana kweupe, MC wawili. Maji ya kunywa kwa waendeshaji hakuna, tunanunua. Tena mimi muziki naupenda, Ijumaa usinitafute nyumbani, nipo kwenye bendi. Lakini mtu aliyekulia na Msondo na Sikinde, anayeona tarumbeta linapulizwa mbele yake, unamletea msanii wa plebeki anayesahau kusogeza mdomo? Hata hilo tamasha mlilotuuzia mbio kwa ajili yake lilikuwa chai.

Matokeo yaliandikwa na karani mmoja. Namba za wenye karatasi zilizobaki aliandika daftarini, wasio na namba akawauliza majina, wengine akaandika kwenye kiganja. Kisha mshindi akapandishwa jukwaani, akakabidhiwa hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, picha zikapigwa, na aliposhuka wakaichukua kadibodi yao. Mpaka leo hajapata senti.

Na msije na ile ya "Afrika ndivyo tulivyo". Septemba 2025 Kigali, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli wiki nzima, wakafunga barabara na shule. Mbio kuu ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, wakamaliza watu 30 tu, na hakuna aliyeshindwa kwa kupotea njia panda. Sisi hatukuomba Kigali. Tuliomba kijana mmoja na bendera Usagara.

Futeni matokeo, rudisheni hela za usajili, na mlipeni yule dada matibabu yake.

Wenzangu mliorekodi safari kwa saa au simu, wekeni ramani zenu hapa, hasa wa kundi la mbele, tuone mlifika wapi barabara ya Kigongo. Na aliyepiga video ya kadibodi ikirudishwa kwenye gari, tafadhali usiifute.