Wakristo mnaoishi Marekani, siasa za huku zimeigusaje imani yenu? Tupeane uzoefu

MamaNeema (Ohio)

Bwana asifiwe wapendwa. Kila uchaguzi wa huku ukikaribia, ndugu wa nyumbani wananiuliza: "Nyie Wakristo wa huko mnampa nani?" Wanadhani jibu ni moja. Mimi Jumapili naabudu mara mbili. Asubuhi nipo na Wamarekani weupe, kanisa la jirani. Alasiri nipo kwenye ushirika wetu wa Kiswahili, ambao umepewa ukumbi na kanisa la Wamarekani weusi, na wenyeji wetu huwa tunakula nao baada ya ibada. Biblia ileile, wokovu uleule, ila kura haziendi njia moja. Na si mtaani kwetu tu: 2016, 2020 na 2024, walokole weupe karibu 8 kati ya 10 walimpa Trump, na Waprotestanti weusi walio wengi sana wakawapa Democratic.

Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu ya 1973 iliyoruhusu utoaji mimba nchi nzima, asubuhi kina mama walilia kwa furaha. Walikuwa wameliombea jambo hilo tangu ujana wao. Alasiri ileile, bibi mmoja mzaliwa wa Alabama alinisimulia jinsi baba yake alivyovaa suti na tai ya kanisani kwenda kujiandikisha kupiga kura, baada ya sheria ya 1965 iliyolinda haki ya weusi kupiga kura. Kabla ya hapo walikuwa wakimrudisha kila akienda. Alinionyesha picha yake. Kofia kaishika mkononi, viatu vinang'aa.

Ninaamini mtoto aliye tumboni ni wa Mungu, na mgeni aliye mpakani ni wa Mungu. Sijaona chama huku kinachowabeba wote wawili, na jambo hili linaniumiza kweli. Naomba mliyoyapitia nyie wenyewe.

BabaFuraha (Kentucky)

Yesu asifiwe. Sisi ni Wakongomani, tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Usiku tuliotua, watu wa kanisa walikuwa wanatungoja uwanjani. Nyumba tuliikuta na vitanda vimetandikwa, sufuria, hata gunia la mchele. Mzee mmoja wa kanisa hilo, mweupe, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Jioni kwa jioni, baada ya kazi yake, bila senti. Nje kwake kulikuwa na bendera kubwa ya mgombea aliyekuwa anaahidi kupunguza wakimbizi.

Sikumuuliza chochote. Lakini tarehe 20 Januari 2025 ilitoka amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na dada yangu yuko bado Nyarugusu, mahojiano kamaliza, vipimo kamaliza. Mwaka wa fedha 2024 waliingia wakimbizi zaidi ya 100,000 na Kongo ndiyo iliyoongoza, sasa tulijua zamu yake imekaribia. Nikamwendea mzee, nikamwambia: baba, huyu ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Alinyamaza muda mrefu. Juma lililofuata alikuja na barua aliyomwandikia mbunge wake, akanisomea jikoni kwetu, jina la dada limo ndani. Bendera hakuitoa. Barua nayo aliituma. Mimi bado nakaa naye kiti kimoja ibadani, na dada bado yuko kambini.

MamaNeema

Baba Furaha, leo kwenye maombi ya alasiri dada yako tunamtaja. Pole sana.

Wanjiru_RN (Texas)

Praise God. Mimi niseme kuhusu watoto. Mzazi aliyesoma Kenya, penye CRE (somo la dini ya Kikristo) darasani na maombi paredi, akifika hapa anashtuka: tangu uamuzi wa mahakama wa 1962, shule ya serikali haiwezi kuongoza sala. Wengi kanisani kwetu walisema hii nchi imemfukuza Mungu shuleni. Nami nilisema hivyo kwa uchungu, hadi mtoto wangu wa sekondari alipoamka mapema Jumatano moja ya Septemba, akasema anaenda kuomba kwenye mlingoti wa bendera kabla ya masomo. Nikampeleka. Vijana walikuwa wameshikana mikono, Wakatoliki, Wabaptisti, Wapentekoste, hakuna mwalimu anayewaongoza. Ni desturi iliyoanzia hapahapa Texas, mji wa Burleson, 1990. Sheria inamzuia mwalimu kusalisha darasa, haimzuii mwanafunzi kuomba. Tangu siku hiyo mimi nalipendelea hili la watoto kuomba kwa hiari yao. Najua wengi hapa mtanipinga.

Kijana_wa_Mbeya (Minnesota)

Halloween (usiku wa 31 Oktoba, watoto huvaa kama mizimu na kuomba peremende) kwetu ilileta mgogoro hadi baraza la wazee. Tumekubaliana: jioni hiyo watu wanapanga magari uwanjani mwa kanisa, buti wazi, watoto wanapewa peremende na kuombewa. Majirani Wasomali nao huja na watoto wao.

Mtumishi_K (Arizona)

Shalom. Nachunga kanisa dogo la Waswahili. Mgombea simpigii debe madhabahuni. Sheria ya 1954 inakataza makanisa yasiyolipa kodi, ingawa 2025 idara ya kodi ilisema haihusu mahubiri kwa waumini ibadani, na hata isingekataza nisingefanya, maana kondoo wangu wana makovu ya siasa kutoka walikotoka.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani. Tangu hapo mlango wa mbele tunaufunga ibada ikianza, na mzee wa kanisa anasimama kwenye kioo. Wapo waumini wenye makaratasi kamili walioacha kuja kwa hofu tu. Nawafuata nyumbani na meza ya Bwana.

Jambo moja la kuwasaidia wengi. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani au mashine itakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama huna uraia, hata kama una grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), jibu ni HAPANA. Kudai ni raia ili uandikishwe kunaweza kukurudisha ulikotoka, hata kama Kiingereza ndicho kilichokupiga chenga. Usisaini usichokielewa, omba mkalimani. Ambaye hana wa kwenda naye, aniandikie hapa pembeni, nina akina kaka wawili wanaojitolea siku za Ijumaa.